ESC ya pili nayo inazima katikati ya maji, ninunue kubwa zaidi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina boti ya rimoti ya kama sentimita 70, mota ni brashlesi (isiyo na brashi) ya 2000kv, yaani mizunguko 2000 kwa kila volti, ESC (kile kidhibiti cha umeme na mwendo wa mota) ya 60A ya kupozwa na maji, propela ya milimita 40. Nilikuwa natumia betri ya lipo ya 3S (seli tatu) haina shida, nikaweka 4S (seli nne) ili ikimbie zaidi, ikaanza kuzima katikati ya maji, nikisubiri kidogo inarudi, mwisho ikatoa moshi. Nimenunua nyingine ya 60A, imeandikwa inabeba mpaka 4S, nayo imeanza tabia ileile. Betri niliisogeza mbele ili boti isinyanyue pua, nikaunga waya ziwe ndefu. Naendeshea baharini hapa Tanga. Ninunue ya 120A?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usinunue kwanza, na hiyo ya pili usiirudishe majini, bado inaweza kuokoka. ESC mara nyingi haifi yenyewe, kuna kitu kinaiua, na kwa maelezo yako mimi naona vitu viwili na huenda cha tatu kipo.

Cha kwanza ni hiyo 4S na propela ileile. Angalia hesabu: 3S ikijaa ni volti 12.6, zidisha na 2000 unapata mizunguko 25,200 kwa dakika bila mzigo. 4S ikijaa ni 16.8, unapata 33,600. Umeongeza mzunguko kwa theluthi moja tu, lakini maji hayahesabu hivyo, propela ikizunguka kasi zaidi kwa theluthi nguvu inayotaka inapita mara mbili, na ampea zinapanda karibu mara 1.8. Kwa hiyo kama 3S ilikuwa inavuta ampea 40, sasa unaongelea 70 kwenye ESC ya 60. Hiyo ni hesabu ya karatasi, majini betri inashuka volti kidogo kwa hiyo hazifiki zote, ila unaona inakoelekea. Na ile "mpaka 4S" ni habari ya volti peke yake, haikuahidi kwamba itabeba mzigo wowote utakaoufunga nyuma. Watu wengi sana wanaunguza kwa kusoma hayo maandishi vibaya na inaniuma maana vitu hivi si bei rahisi.

Suluhisho lake ni propela ndogo. Kutoka milimita 40 shuka mpaka 36 au 35 yenye mkunjo wa aina hiyohiyo, mkononi utaona tofauti ndogo lakini majini mzigo unapungua kwa theluthi au zaidi. Njia nyingine ni mota ya 1500kv, maana 16.8 mara 1500 ni 25,200, yaani mizunguko ileile uliyokuwa nayo kwenye 3S na ampea ndogo kuliko zile za mwanzo.

Cha pili ni waya, na hapa ndipo wengi hawajui kabisa. ESC haipitishi umeme mfululizo, inawasha na kukata maelfu ya mara kwa sekunde, sasa waya za betri zikiwa ndefu kila ikikata umeme uliokuwa mbioni kwenye waya unakosa pa kwenda na volti inaruka juu kwa kitambo kidogo sana, zile kapasita (vihifadhi umeme) za mdomoni mwa ESC ndizo zinazomeza huo mruko, zinachemka, zinavimba, zikichoka mosfeti, zile swichi za ndani zinazowasha na kukata, zinapigwa moja kwa moja. Unaweza kuwa na ampea za kawaida kabisa na bado ikafa hivyo. Kusogeza betri mbele ulifanya sawa, boti inahitaji mizani, ila sogeza na ESC iifuate betri kisha urefushe zile waya tatu za mota, hizo hazina madhara hayo. Kama nafasi haipo, ongeza kapasita zenye ESR (ukinzani wa ndani) ndogo za volti 35 karibu kabisa na ESC, na uangalie chanya na hasi mara mbili maana ukizigeuza zinapasuka.

Cha tatu ni maji ya kupoza. Boti ikienda mwendo lazima uone maji yanaruka kwenye kitundu cha ubavuni. Huoni, basi chomoa mpira wa silikoni upulize kwa mdomo, kwenye bahari mchanga na nyasi zinaziba haraka, na chumvi ikikaukia ndani inapunguza tundu kidogo kidogo. Pia mpira ukikunjwa kona kali unajibana. Kila ukitoka baharini pitisha maji baridi ya bomba ndani yake, na plagi uzisafishe, ile kutu ya kijani kwenye plagi inaongeza joto hapo hapo.

Sasa namna ya kujua ni kipi hasa. Ikizima, geuza usukani kwa rimoti. Usukani ukitii maana yake risiva, kile kipokezi cha rimoti ndani ya boti, ina umeme na ESC imejikinga yenyewe, ni joto au volti ya betri kushuka. Usukani ukikataa pia, shida ni BEC, ule umeme wa volti 5 au 6 unaolisha risiva, au plagi inapoteza mguso. Ukiivuta boti tu kutoka majini, gusa ESC, mota na plagi ya betri moja moja kwa uangalifu halafu pima seli. Seli zinasoma 3.8 zikiwa zimepumzika na bado ilikata huku ESC ina joto la kawaida, basi betri inazama chini ya mzigo au kuna lehemu mbovu. Zungusha na shafti kwa mkono, ikiwa nzito paka grisi, na kama ni shafti ya kunyumbuka acha upenyo wa milimita 2 au 3 mbele ya propela maana inafupika ikibeba mzigo, usipoacha inajibana na ampea zinapanda.

Kabla hujaiwasha tena ipime. Betri nje, mota nje, mita kwenye alama ya dayodi. Ncha nyekundu kwenye waya hasi wa betri, nyeusi gusa waya za mota moja moja. Halafu nyeusi kwenye chanya, nyekundu kwenye zile tatu. Zote zifanane, kwa kawaida kama 0.4 mpaka 0.6. Moja ikisoma sifuri au karibu nayo hiyo mosfeti imeshapiga shoti, usiiunge na lipo hata kwa kujaribu. Zikifanana, kwa mara ya kwanza pitisha waya chanya kwenye balbu ya breki ya gari ya wati 21, ikimulika kidogo na kuzima ESC ni nzima, ikiwaka moja kwa moja kuna shoti na balbu imekuokolea betri.

Kuhusu 120A, ukiifunga bila kubadili propela moto utahamia kwenye mota. Punguza mzigo kwanza, kisha weka kipimo cha wati kati ya betri na ESC, kile kinachohifadhi ampea za juu kabisa, kimbiza dakika moja tu, toa, gusa, soma. ESC nzuri iwe na uwezo wa mara moja na nusu ya hiyo namba, kwa hiyo ikisoma 40 hiyo 60 yako inatosha kabisa. Ukipata kipimo niandikie na urefu wa waya ulioongeza.