Picha ya buu haitoshi kumjua nzi wa mizoga

Umeuliza kama picha ya buu mmoja kutoka kwenye maiti inatosha kusema ni nzi gani. Haitoshi hata kidogo. Gawa mabuu mafungu mawili. La kwanza litie kwenye maji ya moto yasiyochemka, nyuzi 80 hivi za selisiasi, kwa sekunde 30, kisha kwenye ethanoli (alkoholi) ya asilimia 80. Ukimtumbukiza buu akiwa hai kwenye ethanoli husinyaa na kuwa mweusi, na urefu unaokusaidia kukadiria umri umeshaharibika.

Mtazame buu huyo sehemu ya nyuma kwa hadubini. Kila tundu la kupumulia likiwa na mipasuko mitatu, yuko hatua ya tatu, ya mwisho ya ukuaji wa buu. Hapo angalia pete inayoizunguka: imefunga kabisa, fikiria nzi wa jenasi Lucilia au Calliphora; ina mwanya upande wa chini, fikiria wa jenasi Chrysomya au Phormia.

Fungu la pili lifuge kwenye ini mpaka nzi watoke, huku ukiandika joto. Lucilia sericata na Lucilia cuprina wanafanana mno. Kwa nzi aliyekomaa, paja la mguu wa mbele hung'aa kijani kwa cuprina, kwa sericata huwa buluu-nyeusi. Wawili hao wakizaliana na kuchanganya damu, hata DNA hukuyumbisha.