Huduma ya kanisani na wito wa kwenda mbali

Ndugu yangu katika Bwana, umeuliza kama kufundisha watoto kila Jumapili ni kupoteza muda, ilhali moyo wako unawaka kwenda kuhubiri ugenini. Hupotezi muda hata kidogo. Soma Matendo ya Mitume sura ya 13 katika Biblia: Barnaba na Sauli (ndiye mtume Paulo) waliitwa wakiwa tayari wanahudumu katika kanisa la Antiokia. Wenzao wakafunga, wakaomba, wakawawekea mikono, wakawaacha waende. Sura ya 14 inaonyesha walivyorudi, wakalikusanya kanisa lile lile na kueleza yote Mungu aliyoyatenda. Hilo la kurudi kutoa taarifa wengi hulisahau, nami hunigusa sana.

Kwa hiyo usiufiche mzigo ulio nao moyoni wa kwenda kuhubiri. Mweleze mchungaji na wazee wa kanisa, wakupime na kukuombea. Wakati huohuo mtembelee mgonjwa wa kanisani kwenu ambaye siku hizi haonekani ibadani. Kaa naye, msikilize kabla hujafungua Biblia. Halafu anza kujifunza lugha ya watu unaotamani kuwafikia. Huenda baadhi yao wanaishi mtaani kwako na hakuna Mkristo aliyewahi kuwapigia hodi. Anza na hao.