Maswali na Majibu: Nilipangisha vyumba kabla ya agizo jipya la mipango, nitathibitishaje?

SWALI: Assalaam aleykum. Nina nyumba Erdington, Birmingham, niliyoinunua mwaka 2016. Mimi mwenyewe naishi Coventry. Tangu Septemba 2017 napangisha vyumba vitano kwa watu wasio na udugu, jiko na bafu wanatumia pamoja. Ilipoingia korona wawili wakaondoka, wakabaki watatu. Januari 2021 mmoja wao alihama, na wiki hiyohiyo akaingia mdogo wangu na wanawe wawili, bila kodi, wakakaa mpaka Agosti wakisubiri nyumba yao. Wale wapangaji wawili hawakutoka. Baadaye vyumba vikajaa tena. Sasa halmashauri imeniandikia kwamba nimebadili matumizi ya nyumba bila kibali. Nimewaonyesha leseni yangu ya HMO, yaani ya nyumba ya wapangaji wa kaya mbalimbali, wanasema hiyo si kibali. Je, miaka yote hii haihesabiki? Na wapangaji wangu wengi walikuwa wakilipa taslimu.

JIBU: Waaleykum salaam, dada. Inahesabika, ila kinachokubeba si wingi wa miaka. Kesi yako inasimama juu ya siku moja: 8 Juni 2020.

Kwa sheria za England, nyumba ya familia iko daraja C3. Nyumba wanamoishi watu watatu hadi sita wasio kaya moja, wakitumia jiko au bafu pamoja, iko daraja C4. Tangu 1 Oktoba 2010 mwenye nyumba anaweza kutoka C3 kwenda C4 bila kuomba kibali, isipokuwa pale halmashauri ilipotoa agizo la Kifungu cha 4 kuondoa ruhusa hiyo. Birmingham ilianza na eneo la Selly Oak, Harborne na Edgbaston Novemba 2014, kwenye nyumba nyingi za wanafunzi. Jiji zima, Erdington ikiwemo, liliingia 8 Juni 2020. Agizo la namna hii halirudi nyuma. Nyumba iliyokuwa tayari C4 siku hiyo iligeuzwa kwa ruhusa ya sheria, na hakuna kosa la kusamehewa.

Kuhusu leseni, halmashauri wako sahihi. Leseni inatoka kwenye Sheria ya Makazi ya 2004, inayoangalia usalama wa moto, ukubwa wa vyumba na uadilifu wa mwenye nyumba. Matumizi ya jengo yanatawaliwa na sheria ya mipango ya 1990, na ofisi zinazosimamia sheria hizo mbili mara nyingi hazisomi mafaili ya wenzao. Hata hivyo usiitupe: fomu uliyojaza kuomba leseni ina tarehe na idadi ya wakazi, na ni ushahidi ambao halmashauri yenyewe inao.

Unachohitaji ni cheti cha matumizi halali chini ya kifungu cha 191 cha sheria hiyo ya 1990. Hapa hakuna anayeuliza kama HMO inafaa mtaani kwenu. Majirani waandike watakavyo juu ya mapipa ya taka na maegesho, hayo hayaingii kwenye uamuzi. Swali ni moja, nini kilikuwa kikifanyika ndani ya nyumba na lini. Mzigo wa kuthibitisha ni wako, lakini kiwango ni mizani ya uwezekano, yaani ionekane kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli, si kile cha kesi ya jinai. Tangu kesi ya Gabbitas ya 1985 msimamo ni kwamba maelezo ya mwombaji peke yake yanaweza kutosha, mradi yawe mahususi, yasiwe na utata, na halmashauri isiwe na ushahidi unaoyapinga. Maombi mengi huangukia kwenye hilo neno mahususi. "Nyumba ilikuwa na wapangaji muda wote" ni sentensi isiyomsaidia mtu.

Kuna watakaokushauri ungoje itimie miaka 10. Njia hiyo ipo, lakini ni kinga ya aliyekiuka sheria bila kuchukuliwa hatua, na anatakiwa aonyeshe kwamba ukiukaji wenyewe haukukatika. Tena akificha kwa hila anaweza kuikosa hata kinga. Robert Fidler wa Surrey alijenga nyumba ya mfano wa ngome, akaizungushia marobota ya majani makavu na maturubai, akaja kuifunua mwaka 2006 akiamini muda umemlinda. Mahakama zilimkatalia, na mwaka 2016 akaibomoa. Wewe hukukiuka kitu, kwa hiyo usiombe kwa mlango wa wakosaji.

Sasa tuje kwenye miezi ya mdogo wako, maana afisa makini ataanzia hapo. Kutoka C4 kurudi C3 hakuhitaji kibali. Hatari yake ni kwamba, baada ya agizo, ukisharudi C3 huwezi kwenda tena C4 bila kuomba. Kama nyumba nzima ingekaliwa na mdogo wako na wanawe tu, haki yako ingekuwa imekwisha mwaka 2021, na vyumba kujaa baadaye kusingeifufua. Kilichokuokoa ni wale wapangaji wawili. Mdogo wako na watoto ni kaya moja, kila mpangaji ni kaya yake: watu watano, kaya tatu, jiko moja. Sheria haidai kila mtu alipe, inatosha kodi itozwe kwa angalau mmoja. Mdogo wako kama hakuwa na makazi mengine, hapo ndipo palikuwa kwake, na nyumba ilibaki C4. Yasimulie haya mwenyewe kwenye maombi, mapema na waziwazi. Afisa akiyagundua kwenye daftari la wapiga kura kabla hujayasema, ataanza kutilia shaka na mengine.

Tengeneza jedwali la vyumba vitano, mwezi kwa mwezi, kuanzia Septemba 2017 hadi leo: nani alikuwa ndani, aliingia lini, alitoka lini, na karatasi gani inaonyesha hivyo. Chumba kikikaa kitupu andika kitupu. Nafasi fupi kati ya mpangaji na mpangaji haikuvunjii haki. Nguvu zako nyingi zipeleke Mei, Juni na Julai 2020, maana ulikuwa na watatu tu, idadi ya chini kabisa ya C4. Kila mmoja wa hao watatu anahitaji karatasi yake.

Taslimu si mwisho wa habari. Tafuta mikataba, vyeti vya kuhifadhi amana za wapangaji, cheti cha usalama wa gesi cha kila mwaka, nakala za pasi ulizochukua ulipokagua kama mpangaji anaruhusiwa kisheria kupanga nyumba England, na taarifa za benki zinazoonyesha ukiweka fedha baada ya kukusanya kodi. Meseji za WhatsApp zenye tarehe zina uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Kama ni za Kiswahili, zipeleke kwa mfasiri anayetoa tafsiri iliyothibitishwa. Kisha waombe wapangaji wa zamani, hasa wale watatu wa 2020 na wawili wa 2021, watoe tamko la kisheria chini ya sheria ya 1835 mbele ya wakili. Ada ni pauni 5, na pauni 2 kwa kila kielelezo. Kila mmoja aseme chumba chake, tarehe zake, na aliokaa nao. Usiwaandikie wote maneno yaleyale. Na kusema uongo kwenye maombi haya ni jinai.

Rudi kwenye barua uliyopata. Kama ni notisi rasmi ya kutaka maelezo, una siku 21 za kujibu, na kunyamaza kwenyewe ni kosa. Jibu ukitaja tarehe, na ueleze kwamba unaomba cheti. Wakitoa notisi ya utekelezaji, yaani amri ya kuacha matumizi hayo, kata rufaa kabla ya siku inayoanza kufanya kazi, maana ikishaanza huwezi kupata cheti kinachopingana nayo. Maombi yenyewe kwa kawaida huamuliwa ndani ya wiki nane, na ukikataliwa unaweza kukata rufaa kwa Ukaguzi wa Mipango (Planning Inspectorate), chombo cha serikali kinachosikiliza rufaa hizi. Kabla ya kutuma futa namba za akaunti na za pasi, kwani mafaili haya huwekwa wazi mtandaoni.

Kwenye fomu eleza matumizi kuwa ni nyumba ya daraja C4 yenye wakazi wasiozidi sita. Kagua jedwali lako kwa hilo pia, watoto wakihesabiwa. Ukikuta mwezi ambao walifika saba, usitume kwanza, niandikie, kwa sababu nyumba ya watu saba haimo ndani ya C4 na maelezo yake ni mengine.