Jibu: Phantasialand au Kirmes, na mtoto wa miaka 12?

Salaam ndugu. Umesema utakuwa Köln, Ujerumani, Jumamosi moja tu, mwanao ana miaka 12 na anataka michezo ya kasi, nawe hujui uchague Phantasialand, bustani kubwa ya michezo, au Kirmes, yaani tamasha la michezo ya bembea na mabehewa linalofanyika kwa msimu.

Kabla ya kununua tiketi, mpime urefu. Taron na Black Mamba, treni za kasi za Phantasialand, zinataka sentimita 140, na wahudumu wana kipimo pale mlangoni, hawaangalii umri. Akifikisha, nendeni Phantasialand, iko Brühl, safari ya treni kutoka Köln ni fupi. Anzeni na Taron mapema. Inafika kilomita 117 kwa saa, na ule msukumo wa pili katikati ya safari ndio utakaompigisha kelele! Kwenye F.L.Y., treni nyingine ya kasi ya hapo, mnalala kifudifudi, kwa hiyo mifuko iwe mitupu kabisa. Simu na funguo huachwa kwenye makabati.

Asipofikisha, mimi ningeenda Kirmes. Kuingia ni bure, unalipia kila mchezo, kwa hiyo hupotezi tiketi ya siku nzima. Beba pesa taslimu. Ila Kirmes zina majira yake: Cranger Kirmes kule Herne ni Agosti. Safari yenu ni mwezi gani?