Arosto kuisha si kupona: jibu kwa dada wa Makorora

Dada yangu, pole sana. Umesema mdogo wako anatumia unga (heroini), wazee wameshauri afungiwe chumbani mpaka arosto, yaani mateso ya kuukosa unga, imtoke, kisha apelekwe kwa mjomba Lushoto. Umeuliza pia kama mdogo wenu wa darasa la sita aendelee kulala naye chumba kimoja. Nakujibu kwa sababu mpwa wangu, tuliyemlea hapa Ngamiani, Tanga, alipitishwa njia hiyohiyo.

Arosto inaisha, hilo kweli. Huanza saa 6 hadi 12 baada ya kete (kipakiti cha unga) ya mwisho: miayo, makamasi, machozi, halafu mifupa inauma, anaharisha, anatapika, usingizi hakuna. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya (na ukimfungia bila maji ya kutosha, kuharisha huko peke yake kunaweza kumuua). Baada ya kama wiki anaanza kula, anacheka, nyumba nzima mnashukuru Mungu. Hapo ndipo pa kuogopa! Maumivu yametoka lakini hamu iko palepale, na mwili umeshapoteza ule uzoefu wa kustahimili unga. Akirudi maskani akatumia kipimo chake cha zamani, kinamzidi, pumzi inakata. Mpwa wangu alishuka kutoka milimani amenawiri, mashavu yamejaa. Wiki haikuisha tukamkuta nyuma ya nyumba, midomo imegeuka rangi, hapumui vizuri. Jirani yetu ni muuguzi mstaafu, ndiye aliyempulizia pumzi mdomoni mpaka gari likafika.

Kilichomsimamisha ni methadoni pale hospitali ya Bombo. Ni dawa ya maji, hailipiwi, anakunywa kila siku mbele ya mhudumu. Hukaa mwilini siku nzima na zaidi, kwa hiyo arosto haimshiki na hana sababu ya kuuza sufuria za mama. Watu watakwambia amebadilisha ulevi tu. Wasikuyumbishe. Mimi namwona anakunywa dawa asubuhi, anakwenda kibaruani, jioni anarudi na samaki mkononi. Ila ni matibabu ya miaka, si ya wiki, na asichanganye kabisa na pombe wala vidonge vya usingizi. Kama amewahi kujidunga, apimwe virusi vya ukimwi na homa ya ini. Kifua kikuu apimwe hata kama anavuta tu.

Sasa huyo wa darasa la sita, maana huyo bado mnaweza kumkinga. Wengi hapa hawaanzi na sindano. Wanaanza na kokteli, msokoto wa bangi uliotiwa unga, wanapokezana kijiweni, na mwingine haambiwi kilichomo. Msimtishe kwamba bangi inaua papo hapo. Atamwona mwenzake amevuta na yu mzima, na siku hiyo hatawaamini tena hata kwa la unga. Mwambieni ukweli wa anachokiona ndani: kaka anaumwa, na alianza kwa kupokea msokoto wa rafiki. Awepo mtu mzima mmoja anayeweza kumwambia "leo nimepewa" bila kuchapwa. Kwa sasa alale chumba kingine, hasa kama mnaokota sindano humo. Kaka akitulia kwenye dawa, sioni ubaya warudi pamoja.

Mkipanga siku ya kwenda Bombo niambie, nitawasindikiza.