Barua kwa mwanangu: mlango uko wazi, miguu haitaki

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia juzi, nikaisoma mara mbili kabla ya kuvua miwani. Umeniandikia kwamba daktari amekuruhusu kutoka nje baada ya miezi tisa ya kukaa ndani tangu ulipopandikizwa uboho, na kwamba siku hiyo ulilia kwa furaha. Lakini sasa wiki ya tatu inakwisha nawe hujavuka kizingiti, kwa sababu kila ukishika kitasa moyo unakwenda mbio, viganja vinatoka jasho, nawe unarudi kuketi. Kisha ukaniuliza: "Mama, nilipokuwa mahututi sikuogopa hivi. Mbona ninaogopa sasa nilipopona, na wewe ulifanyaje ulipotoka wodini?"

Swali hilo la mwisho hakuna aliyewahi kuniuliza, hata marehemu baba yako. Ulikuwa na miaka minne nilipougua kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida, nikatengwa katika chumba cha peke yangu kwa miezi mitano, nikawa nakuona kupitia kioo cha dirisha. Makohozi yangu yalipopimwa tena na tena yakaonekana hayana vijidudu, waliniambia kwamba siambukizi mtu, niende nyumbani nikamalizie dawa. Nilifika nyumbani nikajifungia. Kwa muda wa miezi minne zaidi nilikuwa na kikombe changu, sahani yangu na kiti changu karibu na dirisha, na wewe nilikusalimu kwa kupunga mkono kutoka upande wa pili wa chumba. Jamaa walinisifu kwamba ninafuata masharti ya hospitali. Hospitali haikuwa imenipa sharti lolote la namna hiyo; nilikuwa nimeyatunga mwenyewe.

Kwa hiyo naanzia hapo. Kabla hujajaribu kutoka, chukua karatasi uandike kila sharti unalolifuata sasa, na kando ya kila moja uandike ni nani aliyelitoa. Najua baadhi yametoka kwa daktari, kwa sababu nilikuwapo alipoyataja: uepuke vyumba vilivyojaa watu na visivyopitisha hewa, uvae barakoa unapokwenda hospitali, unawe mikono, usikae karibu na mtu anayekohoa, na joto la mwili likifika nyuzi 38 umpigie simu saa hiyohiyo, uwe mchana au usiku wa manane. Hayo yana sababu yake. Chembe nyeupe za damu huanza kurudi wiki chache baada ya upandikizaji, lakini kinga nzima ya mwili huweza kuchukua mwaka mmoja au zaidi kujijenga, ndiyo maana utachanjwa upya hata chanjo ulizopata ukiwa mchanga. Lakini ni nani aliyekuambia ufute kila bahasha kwa dawa kabla ya kuifungua? Ni nani aliyesema dirisha la chumba chako lisifunguliwe, au ubadilishe nguo zote kwa kuwa umesimama karibu na mlango ulio wazi dakika mbili? Yale usiyojua yametoka kwa nani, mpelekee daktari karatasi yenyewe ayakate kwa kalamu yake. Mimi nilifanya hivyo nikiwa nimechelewa, na muuguzi aliyeisoma orodha yangu alikata mistari 11 kati ya 14, akatabasamu, nami nikaudhika kwa siku mbili nzima.

Umeuliza kwa nini hofu imekuja sasa. Naona ni kwa sababu ulipokuwa mgonjwa ulikuwa na kazi moja tu, yaani kuvumilia, na kuta zilikulinda kwelikweli. Miezi tisa ni shule ndefu. Kila siku mwili wako ulifundishwa kwamba ndani kuna uhai na nje kuna hatari, na wakati ule somo lilikuwa sahihi, maana kijidudu ambacho mimi ningekifuta kwa kupiga chafya kingeweza kukuua. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, ila hawakusema alishtuka kwa muda gani wala nini kilimtoa katika kushtuka. Ruhusa ya daktari umeielewa kwa akili. Mwili haujapata habari. Unakumbuka jinsi Shirika la Afya Duniani lilivyotangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba dharura ya UVIKO-19 imekwisha, na bado watu wazima wenye chanjo zao waliendelea kwa miezi kusita mlangoni? Hata neno karantini lenyewe ni neno la hesabu. Mwaka 1377 wakuu wa mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik, waliagiza wageni waliotoka kwenye tauni watengwe siku 30, na baadaye siku zikawa 40 katika bandari za Italia, ndipo jina likatoka kwenye neno la Kiitaliano la arobaini. Waliuhesabia ugonjwa siku zake, wala sidhani kama kuna aliyeuhesabia moyo wa mtu.

Sasa nije kwenye kitasa, maana hapo ndipo shida yako inapolishwa. Hebu angalia kinachotokea unaporudi kuketi. Moyo unatulia, jasho linakauka, unashusha pumzi, na nafuu ile ni tamu. Basi mwili unaandika katika kumbukumbu zake kwamba umenusurika kwa sababu ulirudi, na kesho yake unapiga king'ora mapema zaidi, ukiwa bado umbali wa hatua tatu kutoka mlangoni. Nafuu ya kurudi ndiyo mshahara unaoulipa woga ili uje tena kazini. Mimi niliulipa mshahara huo miezi minne, nikidhani ninangoja woga uishe ndipo nitoke, na kadiri nilivyongoja ndivyo ulivyonenepa: mwanzoni niliogopa barabara, kisha nikaogopa lango, mwishoni niliogopa mtu akigonga. Ningetoka nikiwa naogopa, ningeokoa muda ule wote, na ningekubeba ukiwa bado mdogo wa kubebeka.

Itakusaidia kujua hofu yenyewe ina urefu gani. Wimbi la hofu kali kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, kisha hushuka lenyewe, kwa sababu mwili hauwezi kuendelea kumwaga adrenalini, ile homoni inayoupigisha moyo mbio, kwa kiwango kile bila kikomo. Ganzi unayoisikia vidoleni na kizunguzungu chake mara nyingi hutokana na kupumua haraka mno, ambako hupunguza hewa ya ukaa katika damu kuliko inavyotakiwa. Ukitoa pumzi polepole, ndefu kuliko uliyoivuta, hali hiyo hulegea. Usihangaike kuifukuza hofu. Simama nayo hapo ulipo mpaka ipungue, ndipo urudi ndani, maana ukirudi ikiwa kileleni utakuwa umelipa mshahara tena.

Lipo pia jambo ambalo mimi lilinipotosha. Mtu aliyelala na kukaa kwa miezi mingi hupoteza nguvu za misuli, na moyo wake hupiga haraka hata kwa kusimama tu au kupanda ngazi chache. Wewe tena umekuwa na upungufu wa damu. Mapigo hayo yakitokea barazani utayaita hofu, kumbe mengine ni miguu iliyosahau kazi. Jaribu kutembea ndani ya nyumba, kutoka jikoni hadi chumbani na kurudi, mara 20 asubuhi na mara 20 jioni, uyasikie mapigo mahali ambapo huogopi kitu, ili ukiyasikia nje uyatambue. Lakini maumivu ya kifua, kuzirai au kukosa pumzi ukiwa umekaa, hayo usiyatafsiri mwenyewe, mwambie daktari.

Kuhusu hatua zenyewe, nitakusimulia kisa kimoja ninachokipenda. Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, aliandika habari za mtoto wa karibu miaka mitatu aliyeitwa Peter, ambaye aliogopa sungura kupita kiasi. Hakumpa mawaidha. Sungura aliwekwa mbali ndani ya chumba wakati mtoto anakula chakula anachokipenda, kisha baada ya muda akasogezwa kidogo, kisha kidogo tena, mpaka mtoto akamshika mwenyewe. Tiba ambayo wataalamu hutumia hadi leo kwa watu wanaoogopa kutoka nje inafanana na hiyo: kitu kinachotisha husogezwa kwa kipimo kinachovumilika, na hurudiwa hadi kichoshe. Neno hilo la mwisho ulishike. Hatua haijakamilika siku ulipoiweza kwa mara ya kwanza. Imekamilika siku inapokuchosha mpaka unapiga miayo. Mimi nilikaa barazani siku sita mfululizo kabla ya kupiga miayo. Langoni nilitumia siku tisa. Siku ya kumi mvua ilinyesha, nikapata kisingizio, na baada ya mapumziko ya siku nne nikakuta lango limerudi kuwa mbali kama mwanzo. Kwa hiyo siku mbaya zitakuja. Zikija, fanya hatua ndogo kuliko ya jana, lakini usiiache siku ipite bila hatua. Chagua saa ambazo watu ni wachache, kaa mahali penye hewa, na uvae barakoa pale tu daktari alipokuagiza. Ukiivaa peke yako chini ya mti, hiyo ni ya woga.

Nina jambo la kukuomba radhi. Miezi hii yote nimekuletea kila kitu mlangoni, nimekupokelea wageni, nimekujibia simu, na kila ulipouliza kama kuna hatari nilikujibu mara tano kwamba hakuna. Nilidhani huo ndio upendo, na ulipokuwa huna kinga ulikuwa upendo kweli. Tangu daktari atoe ruhusa, nimekuwa msaidizi wa woga wako. Ukiniuliza tena kama ni salama, nitakujibu mara moja, na mara ya pili nitakuuliza umesimama wapi leo na kwa dakika ngapi. Usidhani nimekasirika.

Ikiwa baada ya wiki kadhaa za kujaribu kwa uaminifu bado huvuki kizingiti, au usingizi umepotea, au umeanza kuona kwamba kuishi namna hii hakuna maana, mwambie daktari akupeleke kwa mwanasaikolojia, na hilo la mwisho likikujia uniambie siku hiyohiyo. Woga wa kutoka nje una jina lake katika vitabu vya udaktari tangu mwaka 1871, alipouelezea daktari Mjerumani Carl Westphal. Hautakuwa ugeni kwao, wala hawatakucheka. Mimi sikuwa na mtu wa kumwendea. Nilikuwa na yule muuguzi na kalamu yake.

Umeniuliza nilitokaje, nami nimezunguka sana. Nilitoka kwa sababu siku moja mpira wako ulibingirika ukapita lango, nawe ukasimama ukiniangalia, hukusema neno. Nilikwenda kuuchukua. Hofu nilikuwa nayo, miguu ilitetemeka, na nilipouokota niligundua kwamba nimesimama barabarani. Sikukimbia kurudi, kwa kuwa nilikuwa nimechoka mno kukimbia. Nikaketi kwenye ukingo wa barabara, nawe ukaja ukaketi kando yangu, tukakaa mpaka mapigo yakarudi mahali pake.

Dawa zako za mwezi ujao ni za kuchukuliwa wiki mbili baada ya Jumanne hii, na safari hii sitakuchukulia. Jumanne hii nitafika saa mbili asubuhi, nitaketi kwenye benchi lililo nje ya mlango wako, wala sitagonga. Nitakuja na kitabu. Ukifika barazani tu, njoo uketi, nitasogea.

Wako akupendaye,
Mama