Mdogo wangu, chukua advansi

Juzi kijana mmoja wa Sakina, Arusha, kaniandikia: "Kaka, na mimi napiga marimba hizi za vidole gumba, nataka niwapigie watoto kama wewe. Nianzie wapi?" Anzia kwenye kuzoea dharau.

Nilipokuwa mgeni Moshi, chekechea moja iliniita siku ya wazazi. Tulipatana elfu hamsini. Mwezi wa saba, baridi na unyevu wa huku mnaujua: ngozi ya ngoma imelegea, ukiigonga inalia kama ndoo ya maji. Nikakaa nyuma ya jiko la shule naiotesha moto ikaze, huku wapishi wakinicheka. Saa nane mchana MC akanipa dakika tatu, na ya pili haijaisha akafungulia spika Bongo Fleva. Malipo yangu yalikuwa soda na kipande cha keki. Nimesamehe, ila sura ya yule mhasibu ninayo mpaka leo.

Sasa sikia ya Jumamosi iliyopita, kwenye kipaimara huko Marangu. Nilianza vibaya. Nikaimba kwa besi langu, watoto wakaanza kurushiana chupa za maji. Sauti ya mtoto iko juu, ukimwimbia chini anakosa pa kushika. Nikapandisha, nikawapa kiitikio cha maneno mawili tu, wakanipokea. Kisha nikawasogezea marimba, nikawaonyesha kitundu kilichozibwa kwa utando wa buibui, ule unaoifanya sauti ivume kama nyuki. Kabinti kamoja kakachungulia weee, kakauliza: "Buibui mwenyewe yuko wapi?" Turubai zima likaangua kicheko. Bibi yake akaja kunitunza, elfu kumi ya jasho, akaibandika kwenye paji langu la uso.

Vijana, acheni kuwapigia watoto huku mnasubiri kuitwa kwa wakubwa. Mtoto akichoka anaondoka, hapigi makofi ya heshima. Marehemu Hukwe Zawose alitoka Dodoma na zeze na marimba hizi hizi za Kigogo, zikamfikisha kwenye lebo ya mwanamuziki Peter Gabriel kule Uingereza. Nyie mnaona haya kufika nazo Ngarenaro, Arusha hapo hapo!

Jisajilini BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Imbeni juu. Na chukueni advansi, sehemu ya malipo kabla ya kazi. Narudia, advansi, kabla hujapanda daladala.

Ile chekechea ya soda imenipigia tena wiki hii. Nimewaambia watume nusu kwenye simu kwanza. Mpaka naandika hapa, meseji haijaingia.